Mtu Wangu Hajahama

Tarehe 4, mwezi wa pili

Kwa Shangazi yangu wa pekee,

na suti yenyewe ya bwana harusi, kama nilivyokuwa nakueleza kabla hujanikatia simu, ilikuwa ya kuazima, mikono yake imeishia njiani, lakini alivyosimama pale akinisubiri, Shangazi, ningemchukua hata angevaa gunia.

Usiniambie simu ilikatika yenyewe. Nakujua. Nilipotaja bendi tu, nikabaki naongea na ukuta. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini huwezi kuuchana mwandiko wangu, maana ni wewe uliyenishika mkono nikajua kuandika herufi ya kwanza.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mgongo wako unakutendea haki? Kaka na mkewe hawajambo? Huko kwa dobi bado unasimama kutwa nzima na pasi, au wamekumbuka kwamba wewe ni mtu mzima? Sisi huku wazima, na mimi ni mzima kupita kiasi. Majirani wanasema nimenenepa tangu harusi. Nimewaambia si mafuta, ni furaha imekosa pa kukaa.

Chumba chetu ni kimoja, cha mabati, safu ya mwisho kutoka bombani. Mchana ni tanuri, alfajiri ni barafu. Mume wangu (ona nilivyoandika: mume wangu, naandika tena: mume wangu) ametundika shuka katikati ili tuwe na sebule na chumba cha kulala. Sebule yetu inaingia wageni wawili, mradi wavute pumzi kwa zamu. Mimi bado nafunga mikate kwenye tanuri la mikate, yeye anachomelea madirisha kwenye karakana ya jirani, na jioni tunakutana pale njia panda, tunarudi pamoja, mimi nanukia mkate, yeye ananukia chuma. Nikimwona kwa mbali na miwani yake ya kazi kichwani, miguu yangu inataka kukimbia. Sikimbii. Naogopa watu wataniona sina haya. Jana nilikimbia.

Sasa nakuja kwenye lile ulilolikatia simu.

Bendi inafanya mazoezi kwenye ghala la mtu wa matofali. Tarumbeta ya Kiongozi imepona. Aliifungua vipande vipande akailoweka kwenye beseni, na kila alipobadilisha maji ikaendelea kutema ule udongo mwekundu ulioporomokea mji wetu, hadi tukadhani imemeza kilima kizima. Mume wangu ana besi yake, ile ile aliyokimbia nayo mgongoni. Mpiga ngoma hatujatafuta. Tangu Baba, aliyekuwa anaipiga, hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele za watu. (Nitaendelea kumwita Baba hata kwenye barua. Mumeo ndiye aliyenilea, sina jina lingine la kumwita.) Kwa hiyo mume wangu anapiga besi kwa mikono, na kwa kisigino anagonga kreti tupu la soda. Si ngoma, lakini linatuweka kwenye njia.

Na Kiongozi ametunga wimbo wa kurudi nyumbani. Ameuweka juu ya ule mlio wetu wa kufungia dansi, ule tuliouita Viatu. Unakumbuka ukumbini kwetu watu walivyokuwa wanavua viatu mlangoni wasikwaruze ile sakafu, na tarumbeta ikilia Viatu, bila kuambiwa, kila mtu anainuka kutafuta vyake na kubeba mtoto aliyelala? Ni mlio ule ule, sasa una maneno:

*Tunarudi, tunarudi kwetu,*
*mlango uko wazi, ufunguo ninao.*

Mwezi ujao, siku za mwisho, unafunguliwa ukumbi mpya hapa kambini, wageni wakubwa watakuwepo, na bendi imealikwa. Kiongozi anasema wimbo huu uliandikwa kwa koo moja tu, na koo hilo linapiga pasi mashati ya watu. Njoo uimbe, Shangazi. Ulikosa harusi yangu. Usikose na hili.

Mwanao anayekupenda hadi anaudhi,
Chiriku

* * *

Tarehe 19, mwezi wa pili

Kwa Chiriku wangu,

Barua imefika, nzito kama mtoto wa miezi sita. Nimeisoma kwa vituo.

Mimi sijambo. Mgongo upo, na kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Kaka yako ni mzima. Mkewe ni mjamzito tena, na hataki kusikia harufu ya wanga wa mashati, kwa hiyo nikirudi kazini navulia nguo kwenye ngazi kama mwizi. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu. Nikichungulia dirishani naona dirisha la mwenzangu, naye ananiona, na hatujawahi kusalimiana.

Nimefurahi umepata mtu unayemkimbilia barabarani. Furahi. Ila nakwambia kama mpiga pasi: usitake kunyoosha mikunjo yote siku ya kwanza. Mingine ndiyo iliyolifanya shati liwe shati. Na yale mashuka mawili niliyokutumia ni ya kitanda. Kama mmoja wenu ameyatundika katikati ya chumba, ayashushe.

Harusini sikuja, na si kwa sababu simtaki mumeo. Namjua tangu alipokuwa anabeba nyaya za bendi huku kamasi zinamtoka. Sikuja kwa sababu bendi ingepiga, na mimi nisingejua niangalie wapi.

Kuhusu wimbo, siimbi. Nimeacha. Kile kilima hakijaniomba radhi, nami sina haja ya kukifuata na tarumbeta. Hapo mlipo pana bati na bomba. Kaeni. Mwambie Kiongozi atafute koo lingine, yapo mengi.

Kula vizuri.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 2, mwezi wa nne

Shangazi yangu mpenzi, mwenye kiburi, mwenye mgongo,

Hujambo? Mwambie wifi pole na wanga. Sisi wazima, na shuka tumelishusha, sasa tumetundika pazia la gunia, kwa hiyo usilale ukiwaza.

Kaa vizuri nikusimulie. Ukiwa na pasi mkononi, iweke chini kwanza.

Ukumbi umefunguliwa. Yule ofisa wa makazi, tunayemwita Bwana Makazi kwa kuwa kila anachosema kinaanza na neno hilo, alimwita Kiongozi wiki ile akampa karatasi. Ametunga wimbo wa shukrani yeye mwenyewe, Shangazi, na kwenye kibwagizo ameweka neno miundombinu. Kiongozi aliisoma hadi mwisho, akaikunja kwa adabu, akaitia mfukoni, akasema ameielewa. Hakusema ataiimba.

Siku yenyewe tulijaa hadi madirishani. Sakafu ilikuwa mpya, inang'aa, na unajua sisi. Hakuna aliyetuambia, lakini tulivua viatu mlangoni, rundo likawa kubwa kuliko la msikitini. Mbele walikaa wageni na viatu vyao, na mgeni rasmi alikuwa na hotuba nene. Mshereheshaji akatangaza bendi ianze. Kiongozi akapanda, akanitazama mimi niliyepaswa kuimba kwa sababu mwenye koo alikataa kuja, akainua tarumbeta, na badala ya ule wa miundombinu akapiga wetu.

Shangazi, tulikuwa tumefanya mazoezi karibu kila jioni, na katika wote hakuna hata mmoja aliyefikiri itakuwaje mlio ule ukisikika kwenye ukumbi wenye watu wa kwetu. Tarumbeta ilipolia tu, watu waliinuka. Wote. Hawakutazamana, hawakusemezana. Mama Pacha akabeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Wazee wakashikana mikono. Wakaenda mlangoni, wakatafuta viatu, wakatoka, vizuri tu, kwa utulivu, kama watu waliocheza hadi wakatosheka. Mimi mwenyewe, mwimbaji, mke wa mpiga besi, nilijikuta nimeshuka jukwaani nimeinama natafuta kandambili zangu. Mume wangu anakiri kwamba alikuwa ameanza kukunja waya.

Mgeni rasmi alibaki na hotuba yake na safu moja ya wageni wenzake.

Tulifika hadi barabarani ndipo tukaanza kuulizana tunakwenda wapi. Wengine walicheka hadi wakakaa chini. Kisha mtu akamuuliza Mama Pacha, kwa utani tu, kwamba yeye na mizigo yake miwili alikuwa anaelekea wapi kwa haraka vile. Akasema, "Mimi nilikuwa naenda kwangu." Alisema hivyo huku uso ameuelekeza upande wa kilima. Kicheko kikaisha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ukumbini.

Bwana Makazi alidhani tumepanga. Alimweka Kiongozi ofisini mchana kutwa, anataka majina ya waliosuka mgomo. Kiongozi akamweleza habari ya sakafu na viatu tangu mwanzo. Yule bwana akamuuliza, "Unataka niamini kwamba ukumbi mzima ulifuata viatu?" Kiongozi akamjibu, "Hukuwahi kuja dansi kwetu, mkuu." Basi. Bendi imefukuzwa ukumbini, na vyombo vimefungiwa stoo isipokuwa tarumbeta, ambayo Kiongozi hakuiachia, na besi, ambayo unajua mume wangu huwa haiweki chini.

Lakini Shangazi, kitu kimefunguka. Watu sasa wanasema kwa sauti. Wapimaji walikuja mwaka jana wakasema wenyewe kwamba kule kwetu, ng'ambo ya kijito, hapana neno: shule imesimama, soko limesimama, nyumba za kule zina nyasi tu sebuleni. Kilichoporomoka ni upande wa mtaa wa chini. Bwana Makazi anasema amri ni moja kwa mji mzima, na mji umefungwa. Kwa nini ifungwe hata nusu iliyosimama? Anasema makazi. Sasa kwenye foleni ya maji watu wanaguna ule mlio, anaanza mmoja, foleni nzima inafuata, na mume wangu akipita na kreti lake wanampigia makofi kama mwanasiasa. Nampenda hadi nachoka.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 15, mwezi wa nne

Kwa Chiriku,

Nimecheka hadi mwenye dobi akaja kuuliza kama nimeungua. Nimemsimulia, naye hakuelewa, nikacheka peke yangu tena. Mama Pacha mpe salamu zangu. Sijambo, na huku kwetu wote hawajambo.

Jioni niliisoma tena barua yako, na mara ya pili sikucheka.

Nataka nikuulize wewe unayeimba. Mlango upi uko wazi? Ufunguo wa wapi? Kiongozi alikaa ng'ambo ya kijito. Mumeo na mama yake walikaa ng'ambo ya kijito. Nyumba zao zina nyasi sebuleni, wazing'oe, wapige deki, waingie. Haki yao, na Mungu awasaidie na huyo Bwana Makazi. Mimi nilikaa mtaa wa chini. Wewe pia ulikulia mtaa wa chini, au ndoa imekusahaulisha? Mlango wangu umelala na kizingiti chake na kuta zake zote, na juu yake pameota majani ambayo sijui hata jina.

Mimi sina mlango pale. Nina mtu pale. Ile alfajiri ardhi ilipoanza kunguruma alitutoa sisi, kisha akaanza kugonga nyumba za watu, moja baada ya nyingine, na wengi unaowaona kwenye hiyo foleni yenu ya maji walitoka kwa sababu ya ngumi zake. Yeye hakutoka. Walichimba siku chache wakasema ni hatari, wakaacha. Bwana Makazi wenu ameandika kwenye taarifa yake kwamba wakazi wote wamehamishwa. Kaka yako alinisomea gazetini. Wote. Aandike anavyotaka. Mtu wangu hajahama.

Kwa hiyo msiniimbie mlango. Watu wa mtaa wa chini wanaposikia maneno hayo hawana pa kujiweka, na kama hujawaona ni kwa sababu macho yako yote yako kwa mpiga besi.

Usinijibu kwa maneno matamu. Nina mashati mengi kesho.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 28, mwezi wa nne

Shangazi,

Hujambo? Natumaini mashati yamepungua. Sisi tu wazima.

Umesema nisijibu kwa maneno matamu, kwa hiyo nitajaribu kuandika makavu. Si kipaji changu.

Nilimsomea mume wangu barua yako, amekaa sebuleni, mimi nimesimama kwa kuwa sebule haikutosha. Nilipomaliza akaivuta besi, haina umeme wala spika, unaisikia tu ukiweka sikio karibu, akaanza kupapasa. Nikakaa sakafuni nikaweka sikio. Tukafanya hivyo hadi chai ikapoa, na maneno yako yakakaa yenyewe, sikuongeza wala kupunguza, ila kuyapanga:

*Mlango sina, nina mtu pale.*
*Ukuta sina, nina mtu pale.*
*Andikeni wote wamehama,*
*mtu wangu hajahama.*

Kiongozi alipousikia alivua kofia. Kile kibwagizo cha ufunguo amekifuta yeye mwenyewe, akasema ana aibu kwamba hakukiona.

Tuliuimba Jumapili, bombani, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kreti lina mwenyewe. Na ulisema kweli, Shangazi. Nimeimba wimbo ule mara ngapi na sikuwahi kuona kwamba watu wa mtaa wa chini husimama nyuma, midomo imefungwa. Siku ile nilipofika kwenye mstari wa kwanza walianza kusogea. Mzee aliyekuwa mlinzi wa shule. Dada wa duka la chumvi na sabuni. Yule fundi saa asiyesema na mtu. Walisogea hadi wakanizunguka, na mara ya pili sikuhitaji kuimba, walikuwa wanaimba wao. Hawakulia. Nilitegemea watalia, lakini waliimba kama watu wanaogombana na mtu.

Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba, ungekataa.

Jioni ile ile pakawa na mkutano. Shauri limekatwa hivi: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano tunavuka kijito. Malori tumenyimwa, tutatembea nyuma ya bendi. Wa ng'ambo wataingia kwao, na kila nyumba iliyosimama itachukua jamaa moja ya mtaa wa chini hadi ijengwe nyingine upande ule ule wa salama. Mama Pacha ameshahesabiwa kwa mkwe wangu, na mkwe wangu anaogopa pacha kuliko anavyomwogopa Bwana Makazi. Juu ya udongo hatajenga mtu. Patazungushiwa uzio, na majina yataandikwa. Mume wangu ameshaanza kuuchomelea, akimaliza madirisha ya watu. Ananionyesha kila kipande kama mtoto aliyepata alama nzuri.

Bwana Makazi ametangaza kwa kipaza sauti kwamba atakayeondoka amepoteza chumba, na asirudi kugonga. Chumba chetu, Shangazi. Najua ni mabati. Najua tunavuta pumzi kwa zamu. Lakini ndimo nilimoamka asubuhi ya kwanza nikaona mtu amelala karibu yangu mdomo wazi, nikafikiri, huyu ni wangu kisheria. Nilimuuliza mume wangu kama hataki tufikirie zaidi. Akasema chumba ni mimi, bati ni bati. Sasa niambie, mtu kama huyo unamkatalia kutembea?

Twende. Chumba apewe mwingine.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 12, mwezi wa tano

Kwa Shangazi,

Hujambo? Nauliza kweli, si kwa mazoea. Hujajibu, na Kaka simu yake inaita tu. Kama unaumwa, mtu aniandikie. Kama umekasirika, niandikie wewe mwenyewe, unikaripie, nimezoea kukaripiwa na wewe, bila hivyo sijioni kamili.

Huku mambo yamechemka. Bwana Makazi amepiga marufuku mikusanyiko bombani. Sasa tunaimba tukiwa kwenye foleni, na fundi saa, ambaye siku hizi anasema na watu hadi wanamkimbia, amemweleza askari kwamba foleni si mkusanyiko, ni watu wanaosubiri maji. Askari alifikiri, akaona ni kweli. Siku ya pili akaja bila sare, na ndoo. Kuna kijana wa vocha aliyeturekodi na simu yake, na inasemekana wimbo umeanza kusambaa. Kiongozi anaulizwa kila siku maneno ni ya nani. Anasema ni ya mwimbaji wetu, yuko safarini kikazi.

Nimekaa nikafikiri. Maneno yale ni yako, na mtu yule ni wako kabla hajawa wa mwingine yeyote. Nilikosea nilipodhani furaha yangu ni ruhusa ya kutosha. Ukisema tusiimbe mstari ule, hatutauimba. Nimewaambia watu wa mtaa wa chini. Wamenijibu kwamba basi watavuka kimya, lakini watavuka. Kiongozi amesema kama ni kimya, na yeye hatapuliza.

Kwa hiyo sema neno. Ndiyo au hapana. Jumamosi ya mwisho haiko mbali.

Mume wangu anakusalimu. Amejichoma kidole na hataki nikuambie.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 20, mwezi wa tano

Kwa Chiriku, na mumeo, na huyo Kiongozi wenu mwenye kofia,

Mimi mzima. Kaka yako mzima, simu yake imeanguka kwenye beseni la mtoto. Mkewe amejifungua msichana mwenye sauti ya kuvunja glasi. Ndiyo maana nilikuwa kimya, hiyo moja. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimekasirika, na nilitaka nikasirike hadi mwisho bila kusumbuliwa.

Juzi mwenye dobi aliingia anapiga mluzi. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema kwenye simu ya mteja, wimbo unapendwa, sikiliza, akauweka. Nikakusikia, mwanangu. Nikasikia maneno niliyokuandikia kwa hasira, wewe unayaimba, na nyuma yako watu nawatambua mmoja mmoja kwa sauti. Mlinzi wa shule bado anachelewa kuingia. Pasi niliiacha juu ya shati. Shati la watu limeungua mgongo mzima, na sijajuta.

Sasa nisikilizeni.

Maneno ni yangu na hamkuniomba. Hilo tutalimaliza ana kwa ana, na mpiga besi asijifiche nyuma ya kreti.

Mnaimba vibaya. Wewe unaimba kama bibi harusi, kila neno umelitia sukari. Yale si maneno ya kubembeleza. Mwenye maneno ameulizwa kwa nini hasogei, naye anajibu. Neno la mwisho usilivute, usilipambe, liseme tu kisha unyamaze, waliouliza ndio wahangaike. Na mnakimbia. Wimbo wa kutembea unaanzia kwenye mguu wa mzee, si kwenye moyo wa kijana.

Kiongozi atafute mpiga ngoma. Nimesema mimi, mjane wa mwenye ngoma, kwa hiyo jambo hilo lisiogopwe tena. Watu hawawezi kuvuka kijito kwa kreti la soda. Mwenyewe angewacheka hadi atoe machozi.

Kaka yako ameniambia kilima bado kipo pale pale. Nimemwambia najua, na mimi nitakuwa pale pale, upande wa pili wa kijito, kila asubuhi nikifungua macho kinione. Mwenye dobi nimemwachia kazi yake. Alitaka kujua nani atapiga pasi. Nimemwonyesha pasi ilipo.

Mwambie Bwana Makazi taarifa yake ina kosa, na mwenye kulisahihisha yuko njiani. Chumba chenu mrudishieni kikiwa kimefagiwa, asipate la kusema.

Msivuke bila mimi. Nakuja kabla ya Jumamosi hiyo, na mstari ule nitauimba mwenyewe.

Shangazi yako